Ukiumwa na nyuki shambani, usihesabu miiba tu



Kwa muda mrefu safu hii imekuwa ikizungumzia usafi wa jikoni, wa maji na wa vyoo. Leo tutoke nje kidogo, twende shambani. Wengi wetu, hata sisi tunaojiita watu wa mjini, tuna kipande cha ardhi mahali fulani, na ikifika mwisho wa wiki tunabeba jembe, panga na chupa ya chai tunakwenda kupalilia. Wapo pia ndugu zetu ambao kazi zao zote ni za nje: wachuma karafuu, warina asali, wakata mkonge, wapima ardhi, mafundi wa nguzo za umeme. Wote hawa wana jambo moja linalowaunganisha, nalo ni wadudu wanaouma. Tunalichukulia jambo hili kuwa dogo, la kucheka nalo jioni tukishafika nyumbani. Mara nyingi kweli ni dogo. Lakini si mara zote.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria msiba wa kijana wa jirani yetu. Alikuwa amekwenda na baba yake na kaka yake kufyeka shamba lililolala kwa misimu miwili. Panga la kaka mtu likagonga gogo bovu, kumbe ndani yake mna nyuki. Wakatoka. Mzee ndiye aliyekuwa karibu zaidi, nao wakamvaa kichwani na mgongoni. Waliokuja kumsaidia walimtoa miiba zaidi ya arobaini kwa hesabu yao. Yule kijana mdogo aliumwa mara mbili tu, shingoni na mkononi, basi watu wote wakawa kwa mzee. Kijana alisema anawashwa viganja na nyayo. Baadaye akasema tumbo linamkata, akatapika. Kisha akasema koo linambana. Akaambiwa akae kivulini anywe maji, kwani yeye ameumwa na wawili tu. Mzee alilazwa siku tatu akarudi nyumbani kwake. Kijana hakufika hata barabarani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nilipompa mzee mkono wa pole aliniambia kuwa siku ile walihesabu miiba, wakasahau kumtazama mtoto. Kauli hiyo sijaisahau, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

SUMU ILEILE, MIILI TOFAUTI

Nyuki anapouma huacha mwiba wake ndani ya ngozi, kwa sababu mwiba ule una meno madogo yaliyoelekea nyuma kama ndoana. Mwiba ukibaki, hubaki pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko hicho huendelea kuisukuma sumu ndani hata baada ya nyuki mwenyewe kwenda zake kufa. Nyigu hana mwiba wa namna hiyo. Wake ni laini, hivyo huuma, huchomoa na kuuma tena.

Kwa watu wengi sumu hii huleta maumivu makali, wekundu na uvimbe mahali palipoumwa. Uvimbe unaweza kuendelea kukua kwa siku moja au mbili, mkono mzima ukajaa mpaka kiwiko, na bado likawa ni jambo la kawaida linaloondoka lenyewe. Huyu ana maumivu, lakini hayumo hatarini.

Yuko mtu wa pili. Mwili wake ulishawahi kukutana na sumu hiyo, pengine mwaka jana, pengine utotoni, ukaiweka katika orodha ya maadui. Siku anapoumwa tena mwili unapigana nayo kwa nguvu kupita kiasi, na vita hiyo ndiyo inayomdhuru. Mishipa ya damu inalegea, shinikizo la damu linaanguka, njia ya hewa inavimba. Huu ndio mzio mkali, au aleji kama wengi tunavyosema. Kwa mtu huyu nyuki mmoja anatosha. Hakuna kipimo cha macho cha kumjua kabla, kwani anaweza kuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote shambani, na huko nyuma akawa ameumwa mara nyingi bila kudhurika.

Na yuko wa tatu, aliyeumwa na nyuki wengi sana kwa pamoja. Huyu hata kama hana mzio, wingi wa sumu wenyewe ni hatari. Sumu nyingi huvunja misuli na chembe za damu, na takataka zake huziba figo. Mtu anaweza kurudi nyumbani akijisikia nafuu, kisha siku ya pili au ya tatu mkojo wake ukawa mchache na wa rangi ya kahawa. Kwa hiyo aliyeumwa na makumi ya nyuki apelekwe hospitali siku hiyohiyo, awe analalamika au halalamiki. Kwa mtoto mdogo na mzee usingoje kufika idadi hiyo.

TAZAMA MTU, USITAZAME KIDONDA

Dalili za mzio mkali hutokea mbali na pale palipoumwa, na jambo hili ndilo ninalomuomba kila msomaji alishike. Mtu ameumwa mkononi, lakini anawashwa viganja, nyayo, utosi na makwapa. Mwili mzima unatoka mabaka yaliyovimba. Midomo, kope au ulimi unavimba. Sauti inakuwa nzito kama ya mwenye mafua, anakohoa, kifua kinapiga mluzi kama mwenye pumu. Anapata maumivu ya tumbo, anatapika au anaharisha. Anaona kizunguzungu, anatoka jasho la baridi, analegea, anazimia. Wengine husema tu kwamba wanahisi jambo baya linawajia. Usiwacheke.

Mara nyingi haya huanza ndani ya dakika chache hadi nusu saa, na ni nadra kuchelewa zaidi ya saa moja au mbili. Ndiyo maana aliyeumwa na nyuki au nyigu asiachwe peke yake chini ya mti wenzake wakaendelea na palizi. Mtu akae naye kwa muda wa saa nzima, amsemeshe, amsikilize sauti yake.

Ukiona dalili mbili za namna hii, au hata moja ikiwa ni ya pumzi au kuzimia, usingoje kuona kama itapita. Mlaze chali, miguu iinuliwe juu ya mfuko au gogo. Asisimamishwe wala kutembezwa, hata kama anasema anaweza, kwa sababu damu ikishuka miguuni ghafla moyo unaweza kusimama. Kama anapumua kwa shida sana mwache akae, miguu ikiwa imenyooshwa. Mama mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Anayetapika au aliyepoteza fahamu alazwe ubavu, asije akapaliwa. Usimpe maziwa, chai wala dawa ya kunywa mtu ambaye koo lake linafunga. Kisha usafiri utafutwe upesi, na ukipatikana abebwe, asiende kwa miguu yake.

SINDANO MOJA INAYOOKOA

Dawa ya mzio mkali ni adrenalini. Ni sindano inayochomwa msuli wa paja kwa upande wa nje, na hufanya kazi ndani ya dakika chache: hukaza mishipa iliyolegea na kufungua njia ya hewa. Dozi ya pili inaweza kutolewa baada ya dakika tano ikiwa mgonjwa hajapata nafuu. Ni dawa ya zamani, si ya gharama kubwa, na imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu.

Watu wengi hukimbilia vidonge vya kuwashwa, ile klorifeniramini tunayoijua kwa jina la Piriton. Vidonge hivyo vinafaa kwa muwasho na mabaka, wala si vibaya kuwa navyo katika mkoba wa shambani. Lakini havifungui koo lililofunga wala havipandishi damu iliyoshuka. Mtu akipewa Piriton kisha akasinzia, wenzake hudhani amepata nafuu, kumbe anazidiwa. Hata sindano za steroidi hazishiki nafasi ya adrenalini.

Basi hapa nina ombi kwa viongozi wa misikiti na wa vijiji, na kwa kila baba mwenye shamba. Siku moja ya kawaida, kabla hapajatokea lolote, nenda zahanati iliyo karibu na shamba lako umuulize mganga kwa adabu: adrenalini mnayo? Haijapita muda wake? Nani anajua kuichoma, na usiku anapatikana wapi? Ukiambiwa haipo, uliza kituo gani wanayo, na kutoka shambani ni mwendo gani kwa pikipiki. Chukua na namba ya simu ya kijana wa bodaboda anayeijua njia yako. Ni kazi ya asubuhi moja. Yule kijana niliyemtaja, ndugu zake walikuja kugundua baadaye kwamba kituo chenye dawa kilikuwa karibu kuliko kile walichokuwa wakimkimbizia.

Zipo sindano maalumu za adrenalini ambazo mgonjwa hujichoma mwenyewe, lakini kwetu si rahisi kuzipata. Aliyewahi kupatwa na mzio mkali amuone daktari kwa ushauri wake mwenyewe, asifanye kazi ya porini akiwa peke yake, na wenzake wote wajue hali yake. Akishachomwa sindano hospitalini asing'ang'anie kurudi nyumbani mara moja. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa, kwa hiyo akubali kuangaliwa.

Na kama ni mwezi wa Ramadhani, mtu wa namna hii asisite hata kidogo kutibiwa kwa sababu ya saumu. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

MWIBA UTOE UPESI

Wengi tulifundishwa kwamba mwiba wa nyuki usibanwe kwa vidole, ukwanguliwe kwa kisu au ukucha, ati ukiubana unaikamua sumu ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulilipima jambo hili na kuona kuwa namna ya kutoa haina tofauti ya maana. Chenye maana ni kasi, kwani sumu karibu yote huwa imeshaingia kabla ya dakika moja kwisha. Kwa hiyo usianze kutafuta kisu kwenye mkoba. Toa kwa chochote, kucha, kidole au ncha ya kanga, lakini toa sasa hivi.

Vua pete, saa na bangili kabla mkono haujavimba. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, inua mkono au mguu ulioumwa. Parasetamoli husaidia maumivu. Dawa ya meno, mafuta ya taa, tumbaku, mavi ya ng'ombe na kuchanja kwa wembe viache. Vingine havisaidii, na vingine huleta kidonda na pepopunda juu ya maumivu uliyonayo. Aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni aende hospitali hata kama hana mzio, maana uvimbe wa hapo peke yake unaweza kuziba pumzi. Nyuki hupenda vitamu, hivyo waangalie watoto wanaotafuna miwa, na soda au juisi iliyokaa wazi shambani usiinywe bila kutazama ndani.

NYUKI WAKIKUVAA, KIMBIA

Nyuki wetu wa Afrika ni wakali katika kulinda nyumba yao kuliko nyuki wa Ulaya. Wakichokozwa hutoka wengi na hufuata mbali, pengine mita mia kadhaa. Wanakaa katika magogo, vichuguu, mashimo ya miamba, mapaa na hata katika matairi yaliyotupwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza kufyeka, zunguka shamba polepole dakika kumi ukitazama na kusikiliza. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka katika tundu moja, weka alama, wajulishe wenzako, sehemu hiyo iachwe. Mlio wa msumeno wa mashine na mtikisiko wa trekta huwaudhi sana, na dereva wa trekta hasikii chochote mpaka wamemfikia.

Nyuki anapouma hutoa harufu inayowaita wengine waje wapige pale pale. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Ukiisikia porini mahali ambapo hakuna mgomba, ondoka. Ndiyo sababu pia ya kutowapigapiga kwa mikono: kila anayepondwa anaongeza mwito.

Wakishakuvaa usisimame, usilale chini, usijitose mtoni, kwani watakungoja juu ya maji mpaka utoe kichwa. Funika uso na kichwa kwa nguo, uache nafasi ya kuona, ukimbie moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au gari, ufunge mlango. Wachache watakaoingia nawe ni afadhali kuliko waliobaki nje. Kama hakuna nyumba, endelea kukimbia, na pita kwenye kichaka kinene ukikiona. Usikimbilie walipo watoto. Miiba utaitoa ukishafika salama.

NGUO ZETU, RANGI ZETU NA MARASHI YETU

Katika jambo la mavazi sisi tuna heri, maana mwenye kusitiri mwili wake vizuri ameshamaliza nusu ya kazi. Ila kuna jambo moja ambalo kina mama na dada zetu hawaambiwi. Rangi nyeusi huwakera nyuki, kwa kuwa adui zao wa asili ni wanyama wenye manyoya meusi na ya kahawia. Mbung'o naye huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na mitego ya kuwakamatia hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Maana yake, baibui jeusi unalolivaa sokoni ukienda nalo porini unawaita wote wawili. Sitara ibaki ileile, ibadilike rangi tu. Ushungi na nguo pana za rangi ya mchanga, ya maziwa au ya majani makavu, kitambaa kiwe kizito kiasi, maana mbung'o hupenya nguo nyembamba. Wanaume nasi tuache zile jinzi za buluu iliyokoza. Suruali iingizwe ndani ya soksi au buti, mikono ya shati ifungwe.

Marashi nayo yabaki nyumbani. Aliyejifukiza udi jana usiku, au aliyejipaka mafuta mazuri kwa ajili ya Ijumaa kisha akapitia shambani baada ya swala, anaweza kujikuta amezungukwa. Nywele zenye mafuta ya maua vilevile.

Kwa wanaotaka dawa ya kujipaka, ile yenye diti kati ya asilimia 20 na 50 hufukuza mbu kwa saa kadhaa. Isipakwe machoni wala viganjani mwa mtoto. Majani ya mchaichai na kivumbasi tuliyoyarithi kwa wazee yanasaidia, lakini kwa muda mfupi, hivyo usiyategemee usiku mzima. Kwa nyuki na nyigu hakuna dawa ya kupaka.

Kuhusu mbung'o niongeze kidogo. Anauma mchana, hufuata vitu vinavyotembea yakiwamo magari na baiskeli, na warina asali wa mapori ya Tabora, Katavi na Kigoma wanamjua vizuri. Mbung'o wengi hawana vimelea vya malale, kwa hiyo kuumwa si hukumu. Lakini ukipata kidonda kilichovimba pale alipouma, au homa na kichwa wiki moja hadi tatu baada ya kutoka porini, na kipimo cha malaria kikawa safi, mwambie daktari waziwazi kwamba ulikuwa porini na uliumwa na mbung'o. Asipoambiwa hatafikiria. Malale ya upande wetu wa Afrika huenda mbio, na yakiachwa huua, ila yanatibika. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kutumika kwa vidonge vya feksinidazoli, ambapo zamani mgonjwa alichomwa dawa nzito zenye madhara makubwa. Wasomaji wetu wa Unguja wanaweza kuwasimulia watoto wao kwamba kisiwani kwao mbung'o alimalizwa kabisa. Madume yaliyofugwa Tanga yalifanywa tasa kwa mionzi, yakaachiwa kwa ndege kuanzia 1994, na mbung'o wa mwisho akanaswa 1996.

MAJI MOTO, SIAFU NA MTOTO CHINI YA MTI

Aliyepanda mkarafuu, mnazi au mwembe anawajua maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Hawana mwiba. Huuma kwa taya kisha hunyunyizia tindikali juu ya kidonda, ndiyo maana panawaka moto. Wanaudhi, ila hatari kubwa ni kuachia tawi kwa ajili ya kujikuna. Mchumaji atazame mti kabla ya kupanda, na aanze upande usio na viota. Kuwaua wote si busara, kwani tangu miaka ya 1950 watafiti waliofanya kazi Unguja walionyesha kuwa maji moto ndio wanaomla mdudu anayeharibu nazi changa. Mnazi wenye maji moto una mlinzi asiyelipwa.

Siafu ni habari nyingine. Mtu mzima akiwakanyaga ataruka, atavua nguo kichakani, yatakwisha. Mtoto mchanga aliyelazwa juu ya kanga chini ya mti hawezi kuruka. Mama analima, mgongo umeelekea huku, mtoto kule, na safu ya siafu haipigi hodi. Nawaombeni kina mama: kabla ya kumlaza mtoto tazama ardhi hatua kumi kila upande, tazama na juu ya mti kama kuna nyigu au mzinga. Afadhali abebwe mgongoni na dada yake au aninginizwe katika bembea ya kanga kuliko kulazwa chini. Na awepo mtu wa kumtazama kila dakika chache. Kwa hili sioni aibu kusema kwamba kina baba tunaweza kushika mtoto wakati mama anapalilia, na kinyume chake.

USIKU WA DUNGU

Wanaolinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe hulala shambani, juu ya dungu au katika kibanda. Huko hofu si mwiba, ni malaria, kwa kuwa mbu wake huuma zaidi usiku. Chandarua chenye dawa kinaning'inizwa hata juu ya dungu, kwa fito nne na kamba. Kumwachia mke na watoto chandarua nyumbani ni wema, lakini mlinzi naye anahitaji cha kwake. Kibanda cha udongo kilichokaa bila watu kina papasi katika nyufa, nao huleta homa inayokuja na kuondoka kwa vipindi. Ziba nyufa, fagia, usilale juu ya sakafu tupu. Walio karibu na mito yenye maji ya kasi, kama kule Mahenge, wasikose dawa ya usubi inapogawiwa.

MOTO SI DAWA

Baada ya tukio la nyuki, jambo la kwanza ambalo vijana hufanya ni kurudi na mafuta ya taa na kibiriti. Nalizungumzia hili kwa sababu mbili. Kwanza, moto huo umeunguza mashamba ya watu, na nyuki wanaounguzwa huwa wakali mara dufu juu ya aliyewasha. Pili, katika dini yetu viumbe hawa wana heshima yao. Zipo sura mbili katika Qur'an zilizopewa majina yao, ya 16 ya Nyuki na ya 27 ya Sisimizi, na imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuua nyuki na sisimizi, na alikemea kuwachoma sisimizi kwa moto. Wanazuoni wanaruhusu kuzuia madhara ya kiumbe anayedhuru, lakini kwa njia iliyo nyepesi kwanza. Hapa njia nyepesi ipo: mwite mfuga nyuki. Atakuja jioni na bomba lake la moshi na kofia ya wavu, awahamishie katika mzinga, na huenda ukapata na chupa ya asali.

UKIRUDI NYUMBANI

Kabla ya kuingia ndani kung'uta nguo na viatu nje, kisha uoge. Wakati wa kuoga jikague kupe makwapani, nyuma ya magoti, kiunoni na nyuma ya masikio, na watoto wakaguliwe na mama yao. Kupe akutwaye amejishika atolewe kwa kibano kidogo, abanwe karibu kabisa na ngozi na kuvutwa polepole bila kusokotwa. Asichomwe sigara wala kupakwa mafuta. Kidonda kinachozidi kuuma baada ya siku tatu, chenye usaha au michirizi myekundu inayopanda juu, kinahitaji zahanati.

Andika pia katika simu yako tarehe uliyoumwa, umeumwa na nini na mwili ulifanya nini. Kama safari hii ulitokwa na mabaka mwili mzima, hata kama yaliondoka yenyewe kabla ya magharibi, usirudi shambani msimu huu kabla hujaonana na daktari, na usiku huohuo waambie mkeo au mumeo, watoto wako wakubwa na jirani unayelima naye.